Programu Yako Haitakausha Mahindi

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wale mlioniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama au nimeoa, nawashukuru. Sijahama, na hilo la pili tuliache. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akikaa mbele ya kompyuta huandika mambo ya kujutia. Nimengoja ipoe. Haijapoa sana, kwa hivyo nivumilieni.

Nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika shindano la vijana kuhusu usindikaji na ufungashaji wa chakula hapa Nairobi. Walioandaa sitawataja, chai yao ilikuwa nzuri na hawakuwa na nia mbaya. Zilikuja timu kumi na moja. Tisa zilikuja na programu za simu. Programu ya kuunganisha mkulima na soko, programu ya kuunganisha soko na mkulima (naapa zilikuwa mbili tofauti), programu ya kupiga picha mahindi na kuambiwa kama yana sumu, na kadhalika. Timu ya kumi ilileta pakiti ya unga yenye msimbo wa QR unaosomwa kwa simu, na nyuma yake blokicheni. Ya kumi na moja ilikuwa ya wasichana wawili kutoka chuo cha ufundi, waliobeba sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa nailoni angavu, lenye tundu la hewa chini na bomba la kutolea hewa juu. Kikaushio cha jua. Walikuwa wamekausha mahindi mabichi ndani yake na wakaja na kipimo cha unyevu kutuonyesha.

Walishika nafasi ya kumi. Pakiti ya blokicheni ikachukua hundi.

Mwamuzi mwenzangu aliniambia, tukiwa tunatoka, kwamba wale wasichana walijitahidi lakini kazi yao "haina teknolojia ndani yake." Nikacheka kwa adabu. Nilipofika kwenye gari nikatambua kwamba sikucheka, nilinyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko kumenileta hapa leo.

Nasema hivi, na sitamung'unya maneno. Katika ufungashaji wa nafaka, uvumbuzi wenye maana kuliko wote kwa mkulima wa nchi hii ni gunia. Ndiyo, gunia! Halina betri, haliombi nywila, halisasishwi usiku wa manane. Na sisi wanaprogramu, tukishirikiana na wanaotupa fedha, tumelifanya lionekane kitu cha aibu, kitu cha kutajwa kwa haraka kwenye ukurasa wa pili kabla ya kufika kwenye picha ya simu.

Kabla hujanijibu kwamba nimezeeka, twende kwetu kwanza. Mimi ni mtu wa Makueni. Aprili mwaka 2004 watu walianza kuugua huko kwetu na Kitui: macho ya manjano, tumbo kuvimba, ini kushindwa kazi. Kufikia Julai 20 mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317 na waliokufa 125. Nilikuwa shule ya bweni na tukaambiwa tusile kitu chochote kitakacholetwa kutoka nyumbani. Kilichowaua hakikuwa ugonjwa wa kuambukiza. Ni mahindi yao wenyewe. Ukame ulikuwa umewafundisha watu kuogopa wezi, hivyo mavuno yaliingizwa ndani ya nyumba yakiwa hayajakauka na kurundikwa mahali pasipo na hewa. Wachunguzi walipopima mahindi sokoni katika eneo hilo, zaidi ya nusu ya sampuli, asilimia 55, zilipita kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa wakati ule, yaani sehemu 20 katika bilioni.

Na hayo hayakuwa mapya. Mwaka 1981, Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa sumu hiyo hiyo na 12 wakafa. Miaka 23 katikati. Kila ninaposikia mtu akisema tatizo la aflatoksini "limegunduliwa" na kampuni yake changa, nakumbuka hiyo miaka 23.

Kwa wasioijua: aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus na ndugu zake wachache. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa makapi ya karanga. Haina ladha wala harufu. Kuipika hakuisaidii kitu, ugali wa moto unaitunza vizuri tu. Ukila nyingi kwa mara moja ini linakufa; ukila kidogo kidogo kwa miaka unakaribisha saratani ya ini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna ubishi kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Na haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote huku maelfu ya punje jirani zikiwa safi kabisa. Sasa niambie, ile programu ya kupiga picha kiganja cha mahindi inapiga picha kiganja kipi?

Lakini sikuja kuwacheka vijana wale tu. Nimekuja kuungama, kwa sababu programu mbaya kuliko zote niliyowahi kuiona katika jambo hili niliiandika mimi.

Mwaka 2018 kampuni moja (jina nalihifadhi) iliniajiri kwa mkataba nitengeneze mfumo wa kufuatilia magunia. Mawakala walikuwa wakizunguka vijijini na simu. Kila gunia linaponunuliwa, wakala anabandika kibandiko chenye msimbo, anajaza fomu kwenye simu: jina la mkulima, uzito, mahali, unyevu wa mahindi. Data inapanda kwenye seva. Mkurugenzi aliye Nairobi anafungua ukurasa na kuona ramani nzuri yenye vidoti vya kijani. Wafadhili walipenda sana vile vidoti.

Sasa, kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi makavu yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mimi, kama mwanaprogramu mwangalifu, niliweka uhakiki kwenye fomu: ukiandika namba inayozidi 13.5 fomu inakataa kutumwa na maandishi mekundu yanatokea. Nilijivunia ule uhakiki. Nilidhani nimezuia mahindi mabichi kuingia ghalani.

Kumbe nilichozuia ni ukweli kuingia kwenye hifadhidata. Mawakala wengi hawakuwa na kipimo cha unyevu. Vipimo vilikuwa vimeagizwa, vikachelewa, vikaja vichache, vingine vikaisha betri. Wakala analipwa kwa kila gunia. Fomu inakataa 16. Fomu inakubali 13. Ungekuwa wewe ungeandika ngapi? Baada ya msimu mmoja nilifungua jedwali nikitafuta hitilafu nyingine kabisa, nikakuta safu ya unyevu ni 13, 13, 13, 13, ukurasa kwa ukurasa, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika mstari mmoja mara mia. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nne mfululizo wakati wa mavuno hayo! Wakati ule ule lori moja lilifika kwenye kinu kikubwa na vidoti vyake vyote vya kijani, wakachoma gunia kwa bomba la kuchukulia sampuli, kipimo chao kikasoma 17 na kitu. Lori likarudishwa.

Nikauliza, yale mahindi yalikwenda wapi? Hakuna aliyetaka kunijibu kwa maandishi. Dereva ndiye aliniambia: yaliuzwa njiani, kwa gorogoro, kwenye soko la wazi. Yaani mfumo wangu uliwalinda wanunuzi wa unga wa pakiti mjini kwa kuwasukumia mama wa kijijini mahindi yaliyokataliwa. Kama yalikuwa na sumu sijui, hakuna aliyepima. Hilo "sijui" limekaa nami miaka yote hii, na ndilo linalonifanya nisiwe na subira na neno "ufuatiliaji" linapotamkwa kama dua.

Haya basi, nini kinahitajika? Mambo mawili, na yote mawili yanachosha kuyasimulia jukwaani. Mahindi yakauke, kisha yakae mahali ambapo unyevu na wadudu hawarudi.

Kukauka ndiko kugumu, na hapo nawaomba mtambue ubaya wa kalenda yetu. Kwetu Ukambani mavuno ya mvua za vuli huvunwa Februari na Machi, yaani unavuna huku ukitazama mawingu ya masika yakijikusanya. Huko Trans Nzoia na Uasin Gishu wanavuna kuanzia Oktoba na mvua mara nyingine inagoma kuondoka. Mtu anaanika kwenye udongo mtupu, au kando ya lami magari yakipita, kwa sababu hana turubai. Turubai, jamani! Mnajua ni mashindano mangapi ya uvumbuzi yangelipiwa kwa bei ya maturubai ya kata moja? Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikisambaza mashine za kukaushia zinazohamishika, na hilo nalipongeza bila shingo upande. Lakini mwenye magunia manne hakodi pikipiki kuyapeleka mbali na kuyarudisha, hesabu haiingii.

Na kujua kama yamekauka? Hapa ndipo mwanaprogramu ndani yangu anapofurahi, kwa sababu suluhisho ni zuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Chukua chupa ya glasi iliyokauka, tia viganja viwili vitatu vya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado yana maji. Chumvi ikianguka chini yote, yamekauka kiasi cha kuhifadhika. Ukitaka namba, nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, vile vya kidijitali vya bei ya chakula cha mchana, kiweke ndani ya mfuko wa nailoni uliojaa mahindi, funga, subiri dakika 15 hivi. Kikisoma chini ya asilimia 65 uko salama, maana hewa iliyozunguka mahindi yenye unyevu wa 13.5 hutulia karibu na hapo. Zingatia kwamba kipimo kinasema 65 au 80 bila kumuuliza mtu kama fomu itakubali.

Sasa gunia lenyewe. Maarufu zaidi ni lile linaloitwa PICS. Hadithi yake ilianza mwaka 1987 huko Kamerun ya kaskazini, si kwa mahindi bali kwa kunde. Larry Murdock, mtaalamu wa wadudu kutoka Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, pamoja na wenzake wa Kamerun, walitafuta njia ambayo mkulima asiye na pesa ya dawa angeweza kuokoa kunde zake. Hata ile herufi C katika jina ilikuwa ya kunde kwa Kiingereza, baadaye ikageuzwa iwe ya mazao kwa jumla. Walichofikia ni mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine: miwili ya nailoni nene, mikroni 80 kila mmoja, na wa nje ni gunia la kawaida la kufumwa la kubeba uzito. Unajaza mfuko wa ndani, unaukamua hewa, unausokota mdomo na kuufunga kwa kamba, unakunja na kufunga tena. Kisha wa pili vivyo hivyo, kisha wa nje. Basi.

Kinachofuata humo ndani nakipenda mno. Fukusi na dumuzi waliofungiwa humo wanaendelea kupumua. Oksijeni, ambayo hewani ni asilimia 21, inashuka hadi chini ya 5. Wanaacha kula. Na hapa watafiti waligundua jambo lililowashangaza: wadudu hawa hawanywi maji popote, maji yao huyatengeneza mwilini kutokana na chakula, na kazi hiyo inahitaji oksijeni. Oksijeni ikipungua, wanakauka. Fukusi anakufa kwa kiu akiwa amelala juu ya chakula! Hakuna dawa iliyomwagwa. Mdudu ndiye mtambo, mdudu ndiye anayejizima. Mimi nimeandika programu miaka karibu ishirini na sijawahi kufanya kitu maridadi namna hiyo.

Dumuzi mwenyewe si mchezo. Aliletwa kutoka Amerika, akaonekana Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, akavukia Taveta mwaka 1983. Kwetu alipata jina la Osama, na aliyeona gunia aliloacha anaelewa kwa nini: ukilishika linatoa vumbi. Kwa sababu yake mkulima huuza mahindi wiki ile ile ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kisha mnamo Agosti huyanunua mahindi kwa bei ya juu kutoka kwa yule yule aliyemuuzia. Nyinyi mnaotengeneza programu za bei za soko, mnafikiri mkulima huyo hajui kwamba bei ya Agosti ni nzuri? Anajua kuliko nyinyi. Anachokosa si habari. Anachokosa ni pa kuyaweka hadi Agosti.

Najua mtakayoniambia, maana nimeambiwa mezani mara nyingi.

La kwanza ni bei. Mifuko hii nimeinunua Wote, kwenye duka la pembejeo, kwa shilingi 250 mmoja, wakati gunia la kawaida ni kama 50. Ni kweli, ni tofauti kubwa kwa anayehitaji kumi. Lakini la kawaida linataka dawa ya unga kila msimu, na mfuko huu ukitunzwa usitoboke hutumika misimu mitatu hivi. Na kama hoja ni pesa, basi ile hundi ya shindano tulilolisimamia ingenunua mifuko ya kutosha kijiji kizima. Nilipiga hesabu nikiwa kwenye foleni ya magari nikitoka pale, sikupaswa kuipiga.

La pili lina uzito zaidi: mfuko usiopitisha hewa hausamehe. Ukifungia mahindi mabichi ndani yake, unyevu hauna pa kutokea, na utakuta uvundo. Wala hauondoi sumu iliyokwisha kuingia shambani. Kweli tupu. Kuvu huanza kazi mahindi yakiwa bado yamesimama, hasa ukame ukiyapiga wakati wa kubeba. Ndiyo maana kuna Aflasafe, ambayo ni punje za mtama zilizobebeshwa kuvu wa aina ile ile, ila wa asili yetu wasiotengeneza sumu; unazimwaga shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa maua, wanawahi nafasi na kuwabana wale wabaya. Ya Kenya ilisajiliwa mwaka 2015, na KALRO walijenga kiwanda chake Katumani. Hiyo nayo haina skrini. Mnaona mwelekeo?

La tatu ni plastiki. Tulipiga marufuku mifuko ya nailoni ya kubebea mwaka 2017 na nilifurahi sana, sasa nahubiri nailoni? Nahubiri. Nailoni ya kubeba nyanya kwa dakika kumi na nailoni ya kutunza chakula cha familia kwa miezi minane mfululizo hazilingani. Wala Purdue si wenye ukiritimba wa fikra hii. Arusha hapo jirani A to Z wanatengeneza mfuko wao, AgroZ, kwa kanuni hiyo hiyo. Ushindani upo. Kinachokosekana ni mfuko kufika dukani mwa kijiji mwezi wa Januari badala ya mwezi wa Mei.

Je, nasema programu hazina kazi katika chakula? La hasha, zingekuwa hazina ningefunga duka. Mwaka 2018, mwaka ule ule wa fomu yangu ya aibu, kampuni ya Bühler ya Uswisi ilitoa mashine iitwayo LumoVision. Mahindi yanaporomoka mbele ya kamera chini ya mwanga wa urujuanimno, programu inasoma rangi ya mng'ao wa kila punje kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na punje yenye mng'ao wa kuvu inapulizwa pembeni kwa hewa. Kampuni ilitangaza kwamba inafikia tani 15 kwa saa na kuondoa hadi asilimia 90 ya mahindi yenye sumu. Hiyo ndiyo programu ninayoivulia kofia, kwa sababu inagusa punje. Inatenganisha mbaya na nzuri. Fomu yangu ilitenganisha nini?

Lakini hata hapo, tazameni inakaa wapi. Inakaa kwenye kinu kikubwa. Sehemu kubwa ya mahindi ya nchi hii haipiti huko kamwe. Yanatoka shambani kwenda dohani, kutoka dohani kwenda kwenye posho mili ya kituoni, na kutoka hapo kwenda kwenye sufuria. Hakuna pakiti, hakuna alama ya ubora, hakuna msimbo wa QR. Novemba mwaka 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, magazeti yakajaa. Machi mwaka 2021 tukafunga mpaka kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na siku chache baadaye tukaufungua kwa masharti, baada ya malori kupanga foleni na majirani kukasirika. Hatua zote mbili zilihusu kinachoandikwa kwenye karatasi na kwenye pakiti. Siku hizo shangazi yangu aliendelea kula kilichokuwa ghalani mwake, na hakuna ofisa aliyekuja na chupa ya chumvi.

Tena shangazi huyo ana teknolojia yake. Sisi Wakamba tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa maganda na kiini, zamani kwa kinu na mchi. Mwaka 2008 watafiti wa hapa Kenya walichapisha vipimo vyao wakaonyesha kwamba kule kukoboa peke yake kulipunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Haitoshi kuokoa mahindi yaliyooza, na ukiwalisha kuku yale makapi umehamisha shida tu. Lakini nusu! Huo ni usindikaji uliokuwepo kabla hatujawa na neno la usindikaji. Katika shindano letu hakuna timu hata moja iliyofikiria kutengeneza mashine ndogo ya kukobolea ya kijijini. Au labda walifikiria, wakaambiwa haina teknolojia ndani yake.

Februari mwaka jana nilichukua likizo nikaenda kwa shangazi na mifuko kumi, turubai mbili, na kipimo cha unyevu wa hewa nilichokinunua barabara ya Luthuli. Alinipokea vizuri, akaitazama mifuko, akauliza, "Na hii ni ile ya kubandika stika?" Alikuwa mmoja wa wakulima kwenye jedwali langu. Magunia yake sita, yote 13. Nikamwambia hapana shangazi, hii haina stika. "Afadhali," akasema, akanipa reki nikageuze mahindi juani.

Tulianika siku tano. Siku ya tatu wingu lilitutisha tukakunja turubai mara mbili kwa siku, na mgongo ukanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa kiti. Kipimo kilianza na 81, kikashuka 74, kikagoma kwenye 70 siku nzima, mwisho kikafika 62. Wakati huo wote shangazi na binti zake walikaa kivulini wakichambua, punje zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu kwenye karai la kutupwa, nzuri kwenye ungo. Nilijaribu kusaidia nikaambiwa nina macho ya kompyuta. Kisha tukajaza, tukakamua hewa, tukasokota na kufunga. Mifuko minane ilijaa.

Tulifungua wa kwanza Septemba. Mmoja panya alikuwa ameutoboa upande wa chini, na humo Osama alikuwa amefanya karamu. Kosa langu, niliuweka ukutani bila mbao chini. Saba ilikuwa vile tulivyoiacha, na wadudu wachache wakavu juu kabisa, wepesi kama makapi. Shangazi aliuza minne kwa bei ya Septemba. Aliniletea salamu kwamba safari ijayo nije na mifuko ishirini na mtego wa panya.

Wale wasichana wawili niliwatafuta kupitia kwa mwalimu wao. Wanahitaji nailoni angavu inayostahimili jua, feni ndogo ya kusukuma hewa siku za mawingu, na mtu wa kuwapimia unyevu ndani ya sanduku kila saa ili wajue bomba linafaa kuwa refu kiasi gani. Hilo la mwisho naliweza. Nimewaandikia programu fupi ya kusoma vihisi viwili na kuhifadhi namba kwenye kadi, mistari 60 hivi. Haina uhakiki wowote. Ikisoma 90, inaandika 90. Aliye na nailoni ya aina hiyo, au anayejua inapopatikana bila kuagiza kontena zima, aniandikie.